Kazi ya msemaji wa siasa: mwongozo kamili kwa anayeanzia Mwanza

Saa moja kasoro robo asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, simu iliita. Mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini akaniambia niko hewani, kisha akauliza: ni kweli mgombea wenu amewaahidi wachuuzi wa dagaa kwamba ushuru wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, utafutwa? Nikajibu hata kabla hajamaliza. Si kweli, hizo ni propaganda. Akacheka kidogo, akabonyeza kitufe, na jiji zima likamsikia mgombea wangu mwenyewe, sauti iliyorekodiwa usiku uliotangulia kwenye simu ya mchuuzi, akiahidi kile kile nilichokikana.

Sikudanganya kwa kukusudia. Usiku ule kilikaliwa kikao, watu saba, chai na maandazi, ahadi ikapitishwa, mgombea akaenda kuitamka. Mimi sikuitwa. Nilipolalamika, meneja wa kampeni alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, wewe kazi yako ni kuongea na waandishi."

Ndiyo maana mwongozo huu hautaanza na tai wala namna ya kusimama mbele ya kamera. Vijana wengi wanaonitafuta wakitaka "kuwa wasemaji" wanadhani kazi ni mdomo. Mdomo wanao tayari, wengine wanao mpaka unazidi. Kinachowaangusha ni kutojua, na kujua mapema ni jambo unalolipigania ndani ya ofisi ya watu wako mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua mlango wa kuingilia

Milango ni mitatu na haifanani.

Wa kwanza ni chama. Huku cheo chako kitaitwa mwenezi. CCM ina wenezi kuanzia tawi, kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na vyama vingine vina watu wa kazi hiyo hiyo kwa majina yao, katibu au mkurugenzi wa habari na uenezi. Mwenezi wa kata kwa kawaida hana mshahara. Anatumia bando lake, bodaboda analipa mwenyewe, na akiugua hakuna anayekaimu. Lakini ndiye anayejua kwa nini mtaa wa juu umenuna na mtaa wa chini unacheka, na huwezi kukinunua kitu hicho ukishakuwa mkubwa. Ukipata nafasi ya kata, ichukue.

Wa pili ni serikali. Halmashauri, ofisi ya mkoa, wizara na taasisi za umma zina maafisa habari, nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na utahitaji shahada ya uandishi wa habari, mawasiliano ya umma au fani inayokaribiana nayo. Mshahara upo, ngazi zipo, na kileleni yupo Msemaji Mkuu wa Serikali. Masharti nayo yapo: wewe ni mtumishi wa umma, unausemea mradi wa maji na si mtu anayetaka kura kupitia mradi huo. Kila uchaguzi ukikaribia utaona afisa habari wa halmashauri fulani anaombwa "asaidie kidogo" kupiga picha mkutano wa kampeni. Akikubali, amekula kwa mikono miwili kwenye sahani mbili, na ya kwanza kuondolewa itakuwa ile yenye mshahara.

Wa tatu ni mtu mmoja: mbunge, waziri, mgombea. Huu ndio mlango wa haraka na ndio wenye paa bovu. Bwana wako akianguka, mnaanguka wote, tena wewe chini yake.

Watu huhama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine, na wapo waliofika mbali. Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kuwa katibu wa habari wa Rais Nyerere mwaka 1974. Miaka miwili baadaye akaongoza Shirika la Habari Tanzania, Shihata, lilipoanzishwa, na mwaka 1995 alichaguliwa kuwa rais. Sikuambii hivi ili uote Ikulu. Nakuonyesha alianzia wapi: chumba cha habari.

Hatua ya 2: Kwanza shika kinasa sauti wewe

Mwanza ni mahali pazuri pa kujifunzia. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kiko hapa Nyegezi. Kilianza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na nusu ya sauti unazozisikia redioni kanda hii zimepita pale au zimefundishwa na waliopita pale. Radio Free Africa na Star TV zimezaliwa jiji hili hili. Omba nafasi ya kujitolea kwenye redio, hata ya jamii, hata ya usiku wa manane, ukae mwaka mmoja au miwili.

Utajifunza mambo ambayo hakuna mhadhara utakufundisha. Kwamba mhariri anakata taarifa yako kuanzia chini, kwa hiyo jambo zito likae juu. Kwamba mwakilishi wa gazeti la Dar es Salaam aliyeko Mwanza, habari yake ikichelewa kupita saa kumi jioni, inashindana na nafasi ambayo imeshajaa. Kwamba sauti ya sekunde 40 iliyo safi inatumika mara tano kwa siku, na hotuba ya dakika 20 haitumiki hata mara moja.

Wakati huo huo jifunze kusoma karatasi zinazochosha. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Nenda na daftari, kaa nyuma. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hukabidhiwa kwa Rais kabla ya Machi kwisha, kisha hufika bungeni mwezi Aprili. Fungua kurasa zinazohusu halmashauri za mkoa wako, uzisome mpaka uweze kumweleza mama lishe kwa sentensi mbili tatizo liko wapi. Msemaji asiyeijua bajeti huishi kwa kurusha vijembe, na vijembe havimfikishi mbali akikutana na mwandishi aliyeisoma.

Hatua ya 3: Dai kiti ndani ya chumba

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Kabla ya kukubali kazi, kaa na bosi wako mtarajiwa, peke yenu, bila wapambe. Mwambie unataka mambo manne na uyaandike mbele yake. Moja, kila kikao kinachopitisha ahadi au msimamo, uwemo, hata kama hutafungua mdomo. Mbili, uwe na namba yake ya simu inayopokelewa, maana kila mheshimiwa ana namba tatu na ile anayoipokea kweli wanaijua watu wanne. Tatu, asizungumze na mwandishi yeyote bila wewe kujua. Sikusema bila ruhusa yako, nimesema bila wewe kujua. Nne, usitumwe kusema uongo. Ukitakiwa kunyamaza utanyamaza, ukitakiwa kuchelewesha utachelewesha, kusema uongo hapana.

Wengi hukubali haraka lile la nne na kubisha lile la kwanza. Utasikia: "mambo mengine ni ya wazee tu." Jibu langu siku hizi ni fupi. Namuuliza, mheshimiwa, nikipigiwa saa moja asubuhi niko hewani, unataka nijue au nibahatishe? Nikiona bado anasitasita, namsimulia habari ya mswaki. Anacheka, halafu ananiweka kwenye orodha ya kikao.

Ukiingia chumbani, kazi yako humo ni kuuliza maswali ya mwandishi kabla mwandishi hajayauliza. Wakisema tutajenga soko jipya la samaki, uliza: wapi, kwa fedha ya nani, wafanyabiashara watakaa wapi wakati wa ujenzi? Watakuchukia kidogo. Meneja atakuita mpinzani wa ndani. Kubali jina hilo. Nimeona ahadi tatu zikifia chumbani kwa swali moja la "fedha ya nani", na kila moja ingetuaibisha ingetoka nje.

Halafu tunza daftari la maswali. Kila jioni andika maswali kumi mabaya zaidi ambayo ungemuuliza bosi wako kama ungekuwa unamchukia. Shamba lake lile. Shahada yake ile. Kwa nini alihama chama. Mke wa pili, kama yupo. Pembeni ya kila swali andika jibu la kweli, hata lile lisiloweza kutolewa nje, kisha chini yake andika kile mtakachosema. Jibu la kweli na mtakachosema vikizidi kupishana, mpelekee bosi daftari usiku huo huo. Mke wa pili si tatizo. Tatizo ni mke wa pili anayetajwa redioni kabla msemaji hajasikia kwamba yupo.

Hatua ya 4: Chora ramani ya masikio

Mkoa wa Mwanza hausikii kwa sikio moja. Nyamagana na Ilemela ni mjini, watu wanasikiliza redio ndani ya daladala na kusoma vichwa vya habari kwenye simu. Kwimba na Magu redio ndiyo mfalme, inaning'inia shingoni mwa mchunga ng'ombe. Sengerema wana redio yao ya jamii na wanaiamini kuliko ya mjini. Ukerewe ni visiwa, na habari huko hupanda meli au hufika kwa sauti ya WhatsApp iliyopita kwenye makundi arobaini.

Lugha nayo iheshimu. Mgombea akifungua mkutano Ngudu, kule Kwimba, kwa salamu ya Kisukuma "mwangaluka" na kufunga kwa "wabeja", yaani asanteni, atapigiwa makofi. Akifanya hivyo hivyo Nansio, Ukerewe, wazee wa Kikerewe na Kijita watamtazama tu, na akivuka kwenda Ukara atakutana na Kikara. Nimewahi kumuona mgombea aliyefundishwa salamu ya Kisukuma akiitumia kisiwani kwa furaha zote. Hakuna aliyemzomea. Walimjibu kwa Kiswahili, na hiyo ni adhabu kubwa zaidi.

Tengeneza orodha ya waandishi: jina, chombo, siku zao za zamu, wanachokipenda, saa yao ya mwisho ya kupeleka habari. Watembelee klabu ya waandishi wa habari ya Mwanza ukiwa huna shida. Jua nani ana kitambulisho cha Bodi ya Ithibati, inayowatambua waandishi rasmi, na nani ni kanjanja mwenye kamera, lakini usimdharau kijana wa televisheni ya mtandaoni. Video yake inaweza kufika Geita kabla gazeti halijachapwa. Namba za watu hao zitunze kwa adabu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika mwaka 2023, kumwaga namba za watu mia mbili kwenye kundi la kampeni bila ridhaa yao si ukosefu wa heshima tu.

Hatua ya 5: Tengeneza sentensi moja

Chukua mfano wa maji. Chama chochote kitakuandikia hivi: "Tutahakikisha upatikanaji endelevu wa huduma ya maji safi na salama kwa wananchi wote." Isome kwa sauti mbele ya kinyozi. Ataendelea kunyoa.

Sasa jaribu: "Mama wa mlimani analiona ziwa kutoka dirishani kwake, na bado anapandisha ndoo kichwani." Kinyozi atasimamisha mashine. Mwanza nzima inaijua picha hiyo, milima ya mawe yenye nyumba hadi kileleni na maji yote yale chini. Ukishampata hapo, mwambie utafanya nini, lini, kwa fedha ipi. Sentensi bila hayo matatu ni mapambo.

Ijaribu kwa watu watatu wasiokujua: dereva bodaboda, muuza samaki, mwalimu. Waombe wakurudishie kwa maneno yao baada ya robo saa. Wanachokumbuka ndicho ujumbe wako. Ulichoandika kwenye makaratasi hakihesabiki.

Hatua ya 6: Andika taarifa isiyohitaji kutafsiriwa

Taarifa kwa vyombo vya habari iwe ukurasa mmoja. Juu kabisa tarehe, saa na mahali. Kichwa cha habari kiwe kile ambacho mhariri angekiandika mwenyewe. Aya ya kwanza ijibu nani, nini, lini, wapi. Aya ya pili nukuu moja, ya binadamu, si ya mhuri. Aya ya tatu takwimu na chanzo chake. Mwisho jina na namba ya simu ya mtu atakayepokea, yaani wewe.

Aya ya kwanza ikae hivi, nikitumia mgombea wa kubuni: "Mgombea udiwani wa kata ametangaza leo kwamba akichaguliwa, ataliomba baraza la madiwani litenge fedha za taa kumi za barabarani kwenye njia ya kwenda mwaloni, ambako wachuuzi wa dagaa hupita kuanzia saa tisa usiku." Angalia neno "ataliomba". Diwani hatoi fedha, anaomba na kupiga kura barazani. Ukiandika "atajenga" umeshamdanganya mpiga kura kwa kitenzi kimoja.

Iambatanishe na sauti ya sekunde 40 na picha mbili zenye maelezo. Tuma kwa WhatsApp na kwa barua pepe, usichague moja. Kisha wapigie watu watatu, wale wenye sikio kubwa, uwaulize kama imefika. Usiwaulize kama wataitumia.

Hatua ya 7: Mkutano na waandishi

Mwanza kuna upepo. Jambo dogo hilo limeharibu mikutano mingi kuliko maswali magumu. Ukitaka mandhari ya ziwa nyuma ya mgombea, nenda siku moja kabla, saa ile ile, urekodi dakika mbili kwa simu kisha usikilize. Mchana upepo hupanda, na injini za mitumbwi hazina habari na kampeni yako. Mara nyingi utaishia kumpiga picha ziwani na kumrekodia chini ya paa, na ni sawa.

Anza saa nne asubuhi. Mapema zaidi waandishi bado wako kwenye vikao vya chumba cha habari, na baada ya saa sita unamnyima mwakilishi wa gazeti muda wa kuandika. Kwa safari za mbali hesabu vizuri: tangu daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 19, 2025, Sengerema si tena safari ya kuhesabu foleni ya kivuko, lakini kwenda Ukerewe kwa maji bado ziwa ndilo linaloamua ratiba.

Na bahasha? Tuseme wazi, maana kila mwongozo huliruka hili. Waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa habari, kidogo na kwa kuchelewa, na kuna desturi ya kuwapa "nauli". Mimi msimamo wangu ni huu: nakodi hiace moja inayobeba wote, nanunua tiketi za meli, nalisha watu wote sahani moja ya wali na sato, na kila kitu kina risiti. Sitoi fedha mkononi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inataka matumizi yaelezwe, na mimi sitaki kueleza bahasha. Kuna waliosema kampeni yangu ni kavu. Ni kweli, ilikuwa kavu, na habari zetu zilitoka.

Hatua ya 8: Kujibu

Kabla mwandishi hajaanza, kubalianeni mko ngazi gani. Ya kunukuu kwa jina. Ya kutumia bila jina. Ya kumsaidia kuelewa tu, haichapwi. Makubaliano yaje kabla ya maneno. Ukishasema halafu ukaongeza "hiyo usininukuu", umechelewa na yeye hana deni kwako.

Swali likija, jibu kwanza, eleza baadaye. "Ndiyo, tulikubaliana hivyo Jumanne, na sababu ni hii." Wasemaji wengi huanza na historia ya chama tangu uhuru, na hapo mwandishi anajua jibu ni baya. Kama hujui, sema hujui, taja saa utakayompigia, na umpigie saa hiyo hata kama bado hujui. Nimejenga urafiki wa miaka kwa simu za namna hiyo, za kusema "kaka, bado sijapata, nipe mpaka kesho."

Usikanushe kwa haraka. Mwaka 1972 Ron Ziegler, msemaji wa Rais Nixon wa Marekani, aliuita uvamizi wa ofisi za chama pinzani kwenye jengo la Watergate wizi wa daraja la tatu. Miezi kumi ilipita akikanusha. Aprili 17, 1973 ilimbidi awaambie waandishi kwamba taarifa zake zote za nyuma hazifanyi kazi tena. Ziegler hakuwa mpumbavu. Alikuwa akisema kile alichoambiwa na watu waliomwacha nje ya chumba. Kila ninapomsoma nakumbuka mswaki wangu.

Hatua ya 9: Siku ya msiba

Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Usiku wa kwanza idadi ya waliokufa iliyotangazwa ilikuwa ya makumi, kesho yake ikavuka mia, na mwishowe ikapita 220. Walionusurika walikuwa 41. Yeyote aliyekuwa Mwanza siku zile anakumbuka redio zilivyokuwa zikisikilizwa, mlango kwa mlango, watu wakisubiri namba.

Ukitakiwa kusema siku kama hiyo, fanya hivi. Toa idadi pamoja na saa yake: "hadi saa moja asubuhi hii, miili iliyopatikana ni kadhaa." Bila saa, namba ya asubuhi itaitwa uongo jioni. Sema nani anahesabu na lini utarudi kuzungumza tena, kisha rudi dakika hiyo hiyo hata kama huna jipya. Usitaje jina la marehemu kabla ya ndugu zake kujua. Usizungumzie chanzo kabla ya uchunguzi, na usikubali kuongozwa huko na swali la "lakini wewe unadhani". Kama wewe ni wa chama na si wa serikali, kaa kimya, toa pole, futa mikutano, peleka watu wa kuchangia damu bila fulana za chama. Wapo watakaokushauri kwamba ni nafasi. Usipokee simu zao kwa siku tatu.

Hatua ya 10: Sheria unazolala nazo

Haraka haraka. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inagusa kashfa na taarifa za uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unachokituma kwenye simu, ikiwemo "nimeituma kama nilivyoipokea". Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia ya kuomba nyaraka ofisini, na ofisi ina siku 30 kukujibu. Tumia njia hiyo, wachache wanaitumia. Mikutano ya kampeni ni kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mgombea anayependa kuongea mpe saa inayolia mfukoni. Mtafute wakili mmoja mnayeelewana, umtumie kila kinachomtaja mtu mwingine kwa ubaya kabla hakijatoka.

Hatua ya 11: Siku ya kura na kesho yake

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchini. Msemaji aliyekuwa ameweka kila kitu kwenye WhatsApp alibaki na simu ya kuangalia saa. Kuanzia sasa andaa kwenye karatasi namba za simu za mawakala wote, redio zote na wasimamizi, na mkubaliane mapema nani anampigia nani kwa simu ya kawaida na saa ngapi.

Matokeo ya kila kituo hubandikwa kituoni. Wakala wako apate nakala ya fomu, aipige picha, akusomee namba kwa simu, wewe uziandike. Jumla utakayoipata ni ya kwako na ya chama chako kujua mlipo. Mshindi anatangazwa na msimamizi wa uchaguzi, si na wewe, hata kama namba zako zinaimba.

Andika taarifa mbili kabla ya siku hiyo, ya kushinda na ya kushindwa, ukiwa na akili iliyotulia. Ya kushindwa iandike kwanza. Ya kwangu ya mwisho ilikuwa na mistari sita: kuwashukuru waliotupigia kura kwa majina ya kata zao, kueleza kama tutaenda mahakamani au hatutaenda, kuwataka vijana warudi nyumbani salama, na namba yangu ya simu. Waandishi 11 walipiga. Nilipokea wote, nikamalizia na yule mtangazaji wa asubuhi ya mswaki. Aliniuliza kama safari hii nilikuwa kwenye kikao. Nikamwambia nilikuwemo.

Kesho yake kusanya nywila za kurasa zote, orodha ya waandishi na daftari la maswali, umkabidhi katibu kwa saini. Maswali ya mke wa pili na lile shamba yachane kwanza.